Kupima Chakula ni Amana ya Dini

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na akaturuzuku. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad:

Enyi ndugu zetu Waislamu, twataka katika ukurasa huu kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani ni la serikali na madaktari peke yao, wala halina mlango katika dini. Nalo ni kupimwa kwa vyakula vinavyosagwa na kutengenezwa, vikatiwa mifukoni na makoponi, kisha vikauzwa madukani: unga, maziwa, viungo, na mfano wa hivyo. Tumesikia maneno mengi barazani, na mengine hata kwenye kumbi za misikiti. Yuko asemaye kwamba kupima huku ni hila ya kuwavunjia watu biashara zao. Yuko asemaye kwamba mwenye kutaja Bismillahi hapatwi na dhara. Na yuko asemaye kwamba maadamu chakula si nguruwe wala si mzoga, basi ni halali, na maneno yamekwisha. Kauli zote tatu hizi zina kosa, na inshallah tutalibainisha.

HALALI NA NJEMA

Mwenyezi Mungu alipowaamrisha watu kula, hakutaja sharti moja akanyamaza. Katika Suratul Baqara, aya ya 168, amewaita watu wote, wala si Waislamu peke yao, wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo vizuri. Ameyafunga pamoja mambo mawili, nasi tumelishika moja tukaliacha la pili. Twauliza nani aliyechinja, na twafanya vyema kuuliza. Lakini hatuulizi nyama imehifadhiwa vipi, wala imetiwa dawa gani ili ionekane mbichi. Kuku aliyechinjwa kisharia, kisha akaachwa mpaka akaoza, kule kuchinjwa hakumfanyi kuwa mzuri. Na unga wa mahindi, ambao asili yake ni halali kwa umma wote, ukiingia sumu huwa ni haramu kuula kwa anayejua. Kwani wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema wazi kwamba kinachodhuru mwili, kama sumu, hakiliwi, hata kikiwa ni tohara.

Tazameni kisa cha vijana wa pangoni katika Suratul Kahf, aya ya 19. Walikuwa na njaa, tena walikuwa na khofu ya kukamatwa na kuuawa. Juu ya hayo yote, walipomtuma mwenzao mjini na fedha zao, walimuusia aangalie ni chakula kipi kilicho safi zaidi, ndipo awaletee. Ikiwa mtu aliye katika hali ile hakuacha kuchagua, sisi tulio majumbani mwetu kwa amani tuna udhuru gani?

MTUME (S.A.W.) ALIPIMA KWA MKONO WAKE

Imepokewa na Imam Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye chungu ya chakula, akautia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Akamuuliza mwenyewe ni nini hiki. Yule muuzaji akajibu kwamba chakula kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu, watu wakakiona; kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Hadithi hii twaisoma tangu utotoni, lakini tuitie akilini vizuri, kwani ndani yake mna sheria nzima ya jambo letu. Kwanza, Mtume hakutosheka na kuitazama chungu kwa juu, bali aliutia mkono ndani. Pili, hakungoja mtu alalamike, wala hakungoja mtu augue. Alipima kabla ya dhara. Tatu, hakuikubali kwamba mvua ni kadari ya Mwenyezi Mungu ikawa ndiyo udhuru. Mvua ni ya Mungu, lakini kuficha ni kwa muuzaji. Nne, aliitangaza hukumu pale pale sokoni, mbele za watu, wala hakumnong'oneza mwenye mali sikioni.

Basi mwenye kusema kwamba kupima vyakula ni mambo ya kizungu yaliyoletwa juzi, na aisome hadithi hii tena.

UNYEVU ULE ULE

Na ajabu ni hii: lile alilolikuta Mtume (s.a.w.) ndani ya chungu, yaani unyevu, ndilo linalowaua watu mpaka leo. Nafaka ikiwekwa na maji ndani yake huota ukungu, na katika aina za ukungu iko inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Wengine huiita sumukuvu. Sumu hii ilijulikana na wataalamu baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa njugu zilizoota ukungu. Haina rangi ya kuonekana katika unga, wala ladha, wala harufu ya kumwonya mlaji. Moto wa jikoni hauimalizi: sima ikisongwa ikaiva, sumu imo, uji ukichemka, sumu imo. Ikiwa nyingi huua ini kwa siku chache. Mtu hupata manjano ya macho, tumbo likavimba, akafa. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na khatari yake huzidi kwa mwenye ugonjwa wa homa ya ini aina ya B.

Msidhani twasimulia habari za mbali. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitali kwa sumu hii, na 12 wakafa. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, waliugua watu 317, wakafa 125. Maana yake ni zaidi ya mmoja katika kila watatu. Wachunguzi wakaenda katika masoko 65 ya sehemu zile, wakachukua mahindi na unga wake mara 350, wakapima. Wakakuta kwamba zaidi ya nusu yalipita kipimo kilichowekwa na serikali zama hizo, na katika kila mia, saba yalikuwa yamekipita zaidi ya mara 50. Na kwa ndugu zetu wa Tanzania, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68, wakafa 20.

Na wengi katika wale wa mwaka 2004 hawakuuziwa na tajiri yeyote. Walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe. Ulikuwa wakati wa dhiki. Walikhofu wezi, wakavuna mapema na kuyaweka mahindi majumbani kabla hayajakauka. Umasikini na unyevu vilikutana, yakawa yaliyokuwa. Kwa hivyo tusiufanye ubaya wote kuwa ni wa wafanyi biashara. Ujinga nao ni mkosaji, na dawa ya ujinga ni kufundishana.

KIPIMO CHA SERIKALI

Kipimo kilichowekwa nchini Kenya kwa unga wa mahindi ni kwamba aflatoksini isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Mtu wa kawaida hawezi kuiona hesabu hii kwa akili, basi tuieleze: ni kama gramu moja katika magunia 1,100 ya kilo 90. Jicho gani litaiona? Pua gani itainusa? Ndiyo maana haitoshi tena kutia mkono. Hapana budi maabara, na watu waliosoma elimu yake. Elimu hii ni katika faradhi za kutoshelezana: wakiisimamia baadhi yetu, wengine wamepona, ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote.

Mwezi wa Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi zilizokuwa mashuhuri katika nyumba zetu. Na Januari 2020 likasimamisha aina 17 nyingine. Watu wengi walifadhaika. Wako waliokasirikia serikali, wakasema kwa nini umetutia khofu. Ndugu zetu, huku ni kumkasirikia mpiga mbiu badala ya moto. Swali la haki lilikuwa ni jingine: kwa nini hatukuambiwa mapema zaidi, na kwa nini kupima kusiwe ni kwa kila siku, na matokeo yake yakatangazwa kwa lugha inayofahamiwa na mama aliye jikoni? Hilo ndilo la kuidai serikali, nasi twalidai kwa sauti.

WAZEE WETU WALIIJUA KAZI HII

Dola za Kiislamu zilikuwa na mtu aitwaye muhtasib, kazi yake kuangalia masoko. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameiwekea mlango kamili katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Baada yake akaja Shayzari, zama za Sultani Salahuddin, akaandika kitabu kizima cha kumfundisha muhtasib kazi yake, duka kwa duka: muoka mikate, muuza nyama, muuza dawa. Humo mna sharti kwamba anayekanda unga asikande kwa miguu, afunike mdomo mate yasianguke, na ajifunge kitambaa kipajini jasho lisidondoke. Vitabu vya fani hii hueleza pia namna ya kuzitambua ghushi za kila biashara. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Basi leo tukimwona mkaguzi wa afya anaingia katika duka la kuoka mikate, tusimwone ni adui. Anaifanya kazi ambayo wazee wetu waliitukuza, sisi tukaisahau.

Na imesimuliwa habari ya Sayyidna Umar, kwamba alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mama anamwamrisha binti yake atie maji katika maziwa. Binti akamkumbusha kwamba Amirul Muuminina amelikataza hilo. Mama akasema Umar hatuoni. Binti akajibu kwamba ikiwa Umar hatuoni, Mola wa Umar atuona. Umar alimpenda binti yule kwa uaminifu wake, akamuoza mwanawe Asim, na katika kizazi chao akapatikana Umar bin Abdulaziz.

Sasa liangalieni lililotokea China mwaka 2008. Watu waliotia maji katika maziwa walijua kwamba maabara itagundua maziwa ni mepesi. Wakatafuta hila: wakatia melamini, kitu kinachotumika kutengenezea vyombo vya plastiki, kwa kuwa kipimo cha siku zile kilihesabu naitrojeni tu, na melamini ina naitrojeni nyingi. Maziwa yakapasi kipimo. Lakini watoto wachanga hawakuweza kudanganywa. Mafigo yao yakajaa vijiwe. Waliugua watoto karibu 300,000, na sita wakafa. Wakuu wa kampuni waliambiwa na wapimaji wao tangu mwanzo wa Agosti. Umma haukuambiwa mpaka Septemba. Mwaka 2009 watu wawili waliohusika waliuawa kwa hukumu ya mahakama.

Katika kisa hiki mna fundisho kubwa. Kipimo bila uchaji Mungu hupatiwa hila. Na uchaji Mungu wa kinywani bila kipimo hauwalindi watoto. Hapana budi viwili hivi viwe pamoja, yaani jicho la Umar na moyo wa yule binti.

KUPIMA KUNAFAA

Mtu atasema: haya yote ni maneno, wala soko halitengenezeki. Twamjibu kwa mfano wa nchi ya Waislamu wenzetu, Bangladesh. Huko baadhi ya wasagaji wa manjano, hii hii tunayoitia katika mchuzi wetu, walikuwa wakiichanganya na rangi ya viwandani yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi huharibu akili za watoto. Mwaka 2019 wachunguzi wakaidhihirisha habari hii. Serikali ikawaonya watu magazetini na kwa matangazo, ikaingia soko la jumla na chombo cha kupimia papo hapo, ikawatoza faini wauzaji wawili mbele ya wenzao. Mwaka ule wa 2019, manjano 47 katika kila 100 zilizopimwa masokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Wala hazikuhitajika jela nyingi wala mabilioni ya fedha. Zilihitajika elimu, kipimo, na hukumu isiyomwogopa mtu. Nasi watu wa pwani, ambao viungo ni biashara yetu na fakhari ya vyakula vyetu tangu zama za mababu, twastahiki zaidi kuwa wa mbele katika jambo hili.

MAJIBU KWA WALE WATATU

Ama asemaye kwamba ni hila ya kuvunja biashara, twamwambia: mfanyi biashara aliyetoa kilicho safi, kipimo ni shahidi wake. Akiona amedhulumiwa, anayo haki ya kutaka kipimo cha pili katika maabara nyingine. Tena ni haki yenye maana, kwani sumu hii haienei sawa katika nafaka, na sampuli lazima ichukuliwe mahali pengi ndani ya chungu. Lakini asilikimbilie tumbo la mkaguzi kwa bahasha. Mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili wamelaaniwa na Mtume (s.a.w.), na rushwa ya chakula ni mbaya zaidi, kwani mali inayouzwa pale ni roho za watu.

Ama asemaye kwamba Bismillahi yatosha, twamuuliza: je, hutaja Bismillahi ukanywa sumu ya panya? Kutawakali ni kumfunga ngamia kisha ukamtegemea Mola. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu.

Ama asemaye kwamba kisicho nguruwe ni halali, jibu lake limekwisha kupita. Twamzidishia kwamba haramu haiko katika chakula peke yake, iko pia katika kukiuza. Si halali kwa Mwislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye aibu bila kumbainishia. Na sumu si aibu ya kubainisha ukauza, ni kitu kisichouzwa asilani kuwa chakula.

YATUPASA NINI

Kwa mwenye duka na mwenye kinu: nunua nafaka iliyokauka. Unyevu wa mahindi usizidi sehemu 13.5 katika mia, na chombo cha kuupimia kipo. Panga magunia juu ya mbao, usiyalaze sakafuni wala kuyaegemeza ukutani, hasa katika hewa yetu hii ya pwani iliyojaa maji. Ukikuta mzigo umeharibika, usiuchanganye na mzima ili upasi kipimo. Huko ndiko kuweka kikavu juu na kilichorowa chini. Wala usimuuzie mwenye ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita ndani ya mnyama ikatoka katika maziwa, ikamrudia mtoto uliyedhani umemwepusha. Hasara ya gunia hulipwa. Hasara ya roho hailipwi.

Kwa mwenye kutoa sadaka: imekuwa ni ada ya baadhi ya watu, Ramadhani ikikaribia, kuwatolea masikini kile kilichokaa ghalani mpaka kikabadilika. Suratul Baqara, aya ya 267, imekataza kukusudia kibaya katika kutoa, kitu ambacho wewe mwenyewe hungekipokea ila kwa kufumba macho. Futari ya sumu haina thawabu. Masikini ana ini kama lako.

Kwa mama wa nyumbani: chambua mahindi na njugu kabla ya kupeleka kusaga, zilizoota ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, zitupe, usimpe kuku wala mbuzi. Usinunue unga wa mfuko ila utazame alama ya ubora na tarehe. Na usikivutiwe kiungo kwa wekundu au umanjano uliopita kiasi. Ukiweza, nunua kizima, ukisage mwenyewe.

Kwa serikali, ya taifa na ya kaunti: pimeni bila kungoja maiti. Pimeni unga wa tajiri mkubwa kama mnavyopima wa mwenye kinu cha mtaani. Wala msiwasahau masikini wanaonunua kwa kipimo cha kopo pale Kongowea na Marikiti, ambao unga wao hauna jina wala mfuko. Kwani aina fulani ikifungiwa, wao ndio bei huwapandia kwanza, na wao ndio hula kisichopimwa na mtu.

Na kwa maimamu na walimu wenzetu: mimbari isiishie kwenye hukumu za udhu na haidhi. Tangazo la chakula kibovu likitoka, lisomwe msikitini baada ya sala, kama Mtume (s.a.w.) alivyolitangaza sokoni. Na kila darsa imtafute kijana mmoja wa Kiislamu aliyesoma kemia au afya ya umma, aje awafundishe watu. Twawahimiza vijana wetu wasome elimu hizi kwa nia ya ibada. Kwani anayekaa maabara akaikuta sumu kabla haijafika katika sahani ya yatima, amefanya kazi ambayo sunna nyingi hazifikii ujira wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke. Aturuzuku vilivyo halali na vizuri. Awape wafanyi biashara wetu ukweli, na watawala wetu uadilifu. Awarehemu waliokufa kwa chakula walichokitegemea kuwaweka hai. Na asitujaalie kuwa miongoni mwa wenye kujua wakanyamaza. Amin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.